Oili inapungua, imekwenda wapi? Utatuzi wa matatizo ya oili kwenye kompresa za amonia

Kompresa ya amonia haili oili kama injini ya gari. Injini huunguza oili kidogo kidogo ikatoka na moshi. Kompresa imefungwa, na ndani yake hakuna moto. Kila lita iliyopungua kwenye kioo cha kuonyesha usawa wa oili imevuja ikadondoka sakafuni, au imesafiri na gesi na sasa imelala ndani ya mtambo: kwenye kondensa (inapopozwa gesi iwe kimiminika), kwenye risiva (tangi la kupokea kimiminika hicho), kwenye tangi la presha ndogo, au ndani ya mabomba ya evaporeta (inapochemka amonia na kupoza chumba). Fundi anayeongeza lita 20 kila wiki bila kumwaga hata lita moja upande wa baridi anahamisha oili kutoka kwenye pipa kwenda kwenye evaporeta, na ipo siku meneja ataanza kuuliza kwa nini chumba hakishuki chini ya nyuzi -15.

Hapa tunazungumzia mitambo ya amonia ya viwanda vya samaki, vya barafu na maghala baridi, yenye kompresa za pistoni au za skrubu. Mitambo ya Freon (gesi za kupoza zisizo amonia, kama R134a) ina tabia tofauti, nayo tutaigusa mwishoni.

Daftari kwanza

Bila kumbukumbu utabaki kubahatisha. Kila zamu iandike usawa wa oili kwenye kioo (mashine ikiwa inafanya kazi, mzigo umetulia), joto la oili, presha ya oili, presha ya kuvuta (ya gesi inayoingia kompresa), na tofauti ya presha kabla na baada ya filta. Kisha weka safu mbili: lita zilizoongezwa na lita zilizomwagwa. Baada ya miezi mitatu safu hizo mbili zinatakiwa zikaribiane. Kama umeongeza lita 60 na umemwaga 12, lita 48 ziko ndani ya mtambo, au kuna uvujaji ambao hujauona.

Jambo moja huwachanganya wengi: geji ya oili peke yake haikuambii kitu. Kwenye kompresa ya pistoni, presha halisi ya oili ni ile ya geji ukitoa presha ya kuvuta. Geji ya oili ikisoma bar 4.2 na ya kuvuta bar 2.0, beringi zinapata bar 2.2 tu. Kwenye skrubu yenye pampu inayofanya kazi muda wote, presha ya oili hulinganishwa na presha ya kusukuma (ya gesi inayotoka kompresa). Kipimo kinachotakiwa kimo kwenye kitabu cha mashine yako. Kompresa za pistoni nyingi huwa kati ya bar 2 na 4.5, lakini usikope namba ya mashine nyingine.

Usawa kwenye kioo unashuka

Anzia nje, kwa sababu ni rahisi na ni bure. Pitia sili ya shafti, vifuniko vya vali, gasketi, viungo vya mabomba ya kipozea oili. Panapovuja oili, amonia iko nyuma yake. Karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa ikigeuka bluu umepata mahali. Chini ya sili ya shafti weka chombo chenye alama na upime mililita kwa saa. Matone machache ni ya kawaida, maana sili yenyewe hulainishwa na oili hiyo. Oili ikianza kutiririka kama uzi, sili imekwisha.

Kama nje ni pakavu, oili imeondoka na gesi. Kwenye kompresa ya pistoni, weka mkono kwenye bomba dogo linalorudisha oili kutoka separeta (chombo kinachotenganisha oili na gesi) hadi kareta (sehemu ya chini ya kompresa inapokaa oili). Bomba lililo salama hubadilika: linapata moto kwa muda mfupi vali ya boya ndani ya separeta inapofunguka, kisha linapoa. Likiwa baridi saa nzima, boya limekwama likiwa limefungwa au kichujio chake kimeziba, na separeta imejaa oili inayobebwa kwenda kondensa. Likiwa la moto muda wote, boya limekwama wazi. Gesi ya moto inarudi kareta, oili inachemka, na kompresa inasukuma gesi ileile mara mbili. (Neno la tahadhari: bomba hilo linaweza kupita nyuzi 80. Gusa kwa nyuma ya vidole, na haraka.)

Boya likiwa zima, tazama joto la kusukuma (la gesi inayotoka kompresa). Kompresa ya pistoni ya hatua moja inayovuta kwa nyuzi -15 huku kondensa ikiwa chafu hupita nyuzi 120 bila shida. Katika joto hilo sehemu ya oili hugeuka mvuke, na mvuke hauzuiliwi na separeta. Unapita kama gesi na kugeuka oili tena ndani ya kondensa. Kwa hiyo kusafisha kondensa na kutoa hewa iliyonaswa ndani ya mtambo ni kazi ya kuokoa oili pia. Baada ya hapo ndipo ufikirie ringi za pistoni zilizolika na silinda zilizopanuka, kwa sababu kuzikagua ni kufungua mashine.

Kwenye skrubu, mara nyingi chanzo ni elementi za mwisho za separeta. Kompresa hii huogelea kwenye oili: oili hupulizwa makusudi kati ya rota ili kuziba nafasi na kupoza, halafu yote hutoka na gesi hadi kwenye separeta. Sehemu kubwa hudondoka kwa uzito wake. Ukungu unaobaki hunaswa na elementi za nyuzi za kioo, na matone yake hukusanyika chini, upande wa pili, yakarudishwa kompresa na bomba jembamba lenye kioo chake na vali ya sindano. Bomba hili dogo husahaulika kuliko kitu chochote kwenye chumba cha mashine. Angalia kile kioo mashine ikifanya kazi. Ukiona oili kidogo ikipita pamoja na mapovu, ni sawa. Ukiona kimejaa oili iliyotulia, haisogei, bomba limeziba: kichujio chake kidogo kimejaa uchafu au kitobo chake kimezibwa. Oili itapanda mpaka izamishe elementi, na kutoka hapo itasombwa na gesi kwenda kondensa kwa ndoo, si kwa matone. Vali ya sindano nayo usiifungue kupita kiasi, maana gesi ya presha kubwa itarudi upande wa kuvuta na utapoteza uwezo wa mashine.

Elementi mpya huwa na tofauti ya presha ndogo, chini ya bar 0.3. Ikikaribia bar 1, badilisha. Tofauti ikishuka ghafla bila mtu kugusa kitu, elementi imepasuka au oringi yake imekaa vibaya, na oili itaanza kupotea siku hiyohiyo.

Kuna sababu mbili zaidi ambazo watu huzipita. Ya kwanza ni kujaza kupita kiasi: oili ikizidi alama ya juu, shafti ya kompresa ya pistoni huipiga na kuirusha, na kwenye skrubu nafasi ya kutengana inapungua. Ya pili ni presha ya kondensa kuwa ndogo mno, kama nyakati za baridi za Juni hadi Agosti nyanda za juu. Gesi yenye presha ndogo huchukua nafasi kubwa, hivyo hupita ndani ya separeta kwa kasi zaidi na kubeba matone. Kama upotevu wa oili unafuata msimu, punguza feni za kondensa kabla ya kununua elementi.

Povu wakati wa kuwasha

Hili ni tatizo la nchi zenye umeme wa kukatika. Mashine ikisimama, amonia ya upande wa baridi hutafuta mahali pa kwenda, na kareta au separeta iliyopoa ni mahali pazuri. Hita ya oili ipo kuzuia hilo: inaweka oili ikiwa na joto, kiasi cha nyuzi 40, ili amonia isijikusanye humo. Umeme ukikatika usiku kucha, hita nayo imezimika. Asubuhi ukiwasha, presha inashuka ghafla, amonia iliyojificha kwenye oili inachemka, na kioo kinajaa povu jeupe kama soda iliyotikiswa. Pampu inavuta povu, presha ya oili inayumba, na swichi inazima mashine. Kabla haijazima, lita kadhaa zimekwisha kurushwa kwenda kondensa.

Umeme ukirudi, washa hita kwanza, mashine baadaye. Gusa sehemu ya chini ya kareta: ikiwa ya baridi kuliko ukuta wa chumba, usiwashe. Subiri hadi oili ifike joto linalotakiwa kwenye kitabu. Baada ya kukatika kwa muda mrefu inaweza kuchukua saa nyingi. Ukilazimika kuanza, anza mashine ikiwa haina mzigo na vali ya kuvuta ikiwa imefungwa karibu yote, uifungue robo mzunguko kwa robo mzunguko huku ukitazama kioo. Povu likipanda, simama hapo mpaka lishuke.

Povu likitokea katikati ya kazi, si wakati wa kuwasha, tatizo si hita. Ni amonia ya maji (amonia iliyo kimiminika, haijawa gesi) inayorudi na gesi: vali ya kujazia tangi imebaki wazi, swichi ya boya la usawa wa juu imekufa, au watu wamemaliza kuyeyusha barafu kwenye evaporeta wakafungua vali ya kuvuta kwa pupa. Ishara yake ya pili ni joto la kusukuma kushuka ghafla na kareta kutoka jasho au kuganda. Hapo zima, usisubiri kioo kikupe ushahidi zaidi. Oili iliyochanganyika na amonia ya maji haina uzito (yaani mnato) wa kubeba shafti.

Presha ya oili ni ndogo

Tazama sindano ya geji kwa dakika kumi za mwanzo. Itakupunguzia kazi nusu.

Presha ikiwa ndogo mwanzoni kisha ikapanda, oili ilikuwa na amonia ndani yake na sasa imetoka. Rudi kwenye hita.

Presha ikiwa nzuri mwanzoni kisha ikashuka kadiri mashine inavyopata moto, oili inakuwa nyepesi. Oili ya daraja la 68, ambayo ndiyo hutumika kwenye mitambo mingi ya amonia, ina uzito (mnato) wa sentistoksi 68 kwenye nyuzi 40. Ikifika nyuzi 60 uzito huo umeshuka chini ya nusu. Kagua kipozea oili. Kama joto ni la kawaida na bado presha inashuka, nafasi za beringi zimepanuka au gia za pampu zimelika.

Sindano ikitetemeka, pampu inavuta povu, usawa uko chini, au kichujio cha upande wa kuvuta pampu kimeziba.

Presha ikishuka polepole kwa wiki kadhaa, ni filta. Kwenye mashine nyingi tofauti ya bar 1 ni mwisho wa filta, na mashine iliyofungwa karibuni au iliyotoka matengenezoni itahitaji filta ya kwanza mapema sana, kwa sababu ya kutu na uchafu wa kuchomelea mabomba.

Vali ya kurekebisha presha ije mwisho. Kuikaza ili geji isome vizuri bila kujua chanzo ni kuficha ugonjwa. Na swichi ya presha ya oili, ile inayongoja sekunde 60 hadi 120 kabla ya kuzima, isiunganishwe waya wa kuipita hata kwa zamu moja. Kwenye kompresa ya pistoni oili hiyohiyo ndiyo husukuma mitambo ya kupakia silinda, yaani kuziingiza kazini. Ukiona silinda hazipakii na mashine inafanya kazi nusu, pima presha ya oili kabla ya kulaumu solenoidi (vali za umeme).

Oili inapata moto

Kwenye skrubu, oili inayoingia kompresa kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 60. Ikipanda, ulizia aina ya kipozea. Cha maji: mabomba yamejaa magadi, hasa panapotumika maji ya kisima au ya ziwa bila dawa. Cha amonia inayojizungusha yenyewe: risiva ndogo inayokilisha imeshuka usawa, au kondensa haijapata kuirudishia. Cha kupuliza amonia ya maji ndani ya kompresa: vali ya kupuliza imeziba, au imefunguka kupita kiasi na oili imekuwa baridi mno, jambo ambalo ni baya vilevile.

Kipozea cha maji kina hatari yake. Bomba la ndani likitoboka, oili na amonia huingia kwenye maji kwa kuwa presha yao ni kubwa. Pima maji yanayotoka kwa litmasi mara moja kwa wiki. Usiache mashine imesimama bila presha huku maji yakiendelea kupita kwenye kipozea kilichotoboka. Njia itageuka na maji yataingia kwenye oili.

Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya oili kuchakaa hukaribia kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana oili inayofanya kazi kwa nyuzi 75 huwa nyeusi muda mrefu kabla ya saa zilizoandikwa kwenye dumu.

Rangi yake inasema nini

Chukua sampuli kwenye chupa safi ya kioo mashine ikiwa ya moto, iache imefunikwa kwa kitambaa mahali penye hewa siku nzima, kisha iinue kwenye mwanga. Oili mpya ina rangi ya asali nyepesi. Ikiwa kama chai ya maziwa kisha ikasafika yenyewe, yale yalikuwa mapovu ya amonia. Ikibaki na maziwa, kuna maji. Dondoshea tone kwenye bamba la chuma la moto: lenye maji litaruka na kupasuka kama mafuta ya chapati yaliyoingiwa na tone la maji.

Nyeusi na nzito ni joto kubwa au uchafu wa zamani uliooshwa. Vimelemeta vya chuma ni jambo la kusimamisha mashine: pasua filta iliyotumika, tandaza karatasi yake juani, pitisha sumaku. Vinavyonaswa ni chuma cha gia, rota au beringi za mipira; visivyonaswa na vinavyong'aa kama fedha ni beringi laini. Kama kuna maabara inayopokea sampuli, omba uzito (mnato) kwa nyuzi 40, kiasi cha maji, asidi, na madini ya chuma. Namba moja haina maana kubwa; mfululizo wa namba za mashine ileile ndio unaosema.

Maji huingiaje? Njia kubwa ni presha ya kuvuta kuwa chini ya ile ya hewa. Amonia huchemka kwa nyuzi -33 kwenye usawa wa bahari. Mwanza, mita zaidi ya 1,130 juu, hewa ni nyepesi na kuchemka kunafika karibu nyuzi -36. Frijza za kugandisha minofu ya sangara zinazovuta kwa nyuzi -40 ziko ndani ya vakyumu popote zilipo, kwa hiyo kila gasketi na kila shina la vali upande wa baridi huvuta hewa ndani badala ya kutoa amonia. Huwezi kunusa uvujaji huo. Utauona kwenye kazi ya kutoa hewa inayoongezeka, kwenye maji ndani ya oili, na kwenye tope la kahawia linaloziba vichujio.

Chumba hakipoi na presha ya kuvuta inashuka

Oili ni nzito kuliko amonia ya maji, na oili za madini hazichanganyiki nayo. Inazama, inaganda kama grisi ndani ya mabomba ya evaporeta na kuzuia joto. Evaporeta hufanya barafu juu tu, chini hakuna. Kwenye chungu cha kukusanyia oili chini ya tangi, angalia mstari wa barafu: sehemu iliyojaa oili haigandi kama ile yenye amonia, kwa hiyo mstari unapopanda, chungu kinajaa.

Kumwaga oili kumeua watu. Fuata utaratibu huu bila kuruka:

1. Muwe wawili, mmoja amesimama mahali penye hewa safi. Kinyago chenye kichujio cha amonia, miwani iliyofunga, glavu za mpira, na maji tayari ya kunawa. Maji ni ya mtu; usimwagie dimbwi la amonia, litachemka kwa nguvu.
2. Funga vali kati ya tangi na chungu. Acha ile ya kuelekea upande wa kuvuta wazi ili amonia iliyobaki ichemke itoke. Subiri barafu ya nje iyeyuke yote na chungu kifikie joto la chumba. Usiku mzima ni bora kuliko saa moja. Usitumie moto.
3. Funga vali ya upande wa kuvuta na usome geji ya chungu. Isome juu kidogo ya sifuri. Ikiwa chini, ukifungua utavuta hewa ndani.
4. Fungua vali ya mkono kidogo, kisha shika vali ya springi inayojifunga yenyewe. Ishike kwa mkono mpaka mwisho. Usiifunge kwa waya, usiitegee jiwe, usiondoke kupokea simu.
5. Oili ikianza kutema na kutoa povu, achia. Amonia imefika.
6. Peleka ndoo nje, iache povu liishe, pima lita, andika. Oili hiyo usiirudishe kwenye kompresa.

Baada ya kubadili aina ya oili

Mitambo ya zamani iliendeshwa kwa oili za madini za kawaida, na mingi imehamia oili zilizosafishwa kwa haidrojeni, ambazo hazitoi mvuke mwingi na hudumu zaidi. Mambo mawili hutokea wiki za kwanza. Oili mpya huosha tope la miaka, na filta huziba moja baada ya nyingine. Weka akiba ya filta tatu au nne. La pili, oringi zilizokuwa zimevimba kwenye oili ya zamani husinyaa kwenye hii mpya, na sili zilizokuwa kavu miaka kumi zinaanza kuvuja. Oili haina kasoro. Badilisha oringi siku ileile unapobadili oili.

Freon na pipa

Kwenye mitambo ya R404A au R134a oili huchanganyika na gesi na hurudi kwa kasi ya gesi ndani ya bomba la kuvuta, kwa hiyo ikipotea tafuta bomba lililo pana mno, mzigo mdogo, au mtego wa oili usiowekwa chini ya bomba la kupanda. Oili yake ya esta hunyonya unyevu wa hewa haraka. Kopo likifunguliwa Mombasa au Dar es Salaam, lililobaki lisiwekwe kwa ajili ya mwezi ujao.

Pipa la oili ya amonia likikaa nje, lisisimame wima. Mvua hutuama juu ya kifuniko, jua hulipanua pipa mchana, na usiku linapopoa huvuta maji kupitia kizibo hata kikiwa kimekazwa. Lilaze kwa ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili oili iviloweshe vyote viwili kwa ndani.